Hatari huja anapokubali kula

Nilimpigia simu kuhusu jambo jingine kabisa, udumavu wa watoto, mada ambayo magazeti yetu huikumbuka kila bajeti inaposomwa. Ni mtaalamu wa lishe, Mtanzania, aliyeanzia kazi nyumbani katika wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Sasa yuko hospitali moja ya Uingereza, anawahudumia watu wazima wenye anoreksia nevosa. Katikati ya maongezi akaponyokwa na neno: mgonjwa anayewanyima wahudumu usingizi si yule anayegoma kula, ni yule aliyekubali kula jana. Habari ya udumavu ikaishia hapo.

Anoreksia tunaijua juu juu. Ni maradhi ya akili yenye hofu ya kunenepa isiyosikia hoja. Mtu hujinyima chakula hadi mwili unaisha, na kioo bado kinamwambia amezidi. Ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Dada huyu aliniomba nisiandike kilo za mgonjwa yeyote, kwa kuwa wenye maradhi haya huzisoma takwimu hizo kama mashindano. Nimetii.

Kwa nini basi kula kuwe hatari? Alinieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wazazi walioketi nje ya wodi. Mwili uliokosa chakula muda mrefu hujila wenyewe: mafuta, kisha misuli, na moyo nao ni msuli. Fosfeti, potasiamu na magnesiamu hupungua ndani ya seli, lakini kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kila kitu kiko sawa. Huo ndio mtego. Mgonjwa anakula mkate na jamu, sukari inaingia, insulini inapanda, na seli zinavuta madini yale machache yaliyobaki damuni. Ndani ya siku chache fosfeti inaporomoka. Bila fosfeti seli haiwezi kutengeneza nishati, hata ikiogelea kwenye sukari. Miguu inavimba, misuli ya kupumua inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika. Mtu aliyevumilia njaa kwa miezi anaweza kuuawa na wiki moja ya kushibishwa.

Ndiyo maana vitamini B1 hutangulia chakula, damu hupimwa kila siku, na kiasi cha chakula hupandishwa kwa hatua, sawa na dozi ya dawa kali.

Nilipomwambia kwamba Wazungu wamefika mbali, alicheka sana. Hayo, alisema, aliyajua kabla hajapanda ndege. Katika wodi zetu za utapiamlo, mtoto aliyedhoofu haanzishiwi chakula kizito. Huanza na maziwa maalumu ya F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akiimarika ndipo huhamishiwa maziwa yenye nguvu zaidi, F-100. Wauguzi wetu wanaifanya kazi hiyo kila siku, na sijawahi kusoma popote wakisifiwa kwa ujuzi huo.

Woga nao una maafa yake. Mwongozo wa Uingereza wa kutibu anoreksia kali, uitwao MARSIPAN, uliotolewa mwaka 2010 na kurithiwa na ule wa MEED mwaka 2022, ulionya pia juu ya kosa la upande wa pili: daktari anaogopa fosfeti kiasi cha kumwacha mgonjwa aendelee kufa njaa akiwa kitandani hospitalini. Kati ya kosa hili na lile njia ni nyembamba.

Tofauti kubwa kati ya watoto wale na wagonjwa wake wa sasa, kwa maneno yake, ni mkono. Mtoto akishapata nguvu huvuta kikombe. Mtu mzima huyu hukisukuma. Kwa hiyo mtaalamu huketi naye mezani, anakula chakula kilekile, saa ikitembea, na wanaongea habari za mpira, mvua au tamthilia. Chakula hakizungumzwi. Amewahi kuona mhasibu, mama wa watoto wawili, akilia mbele ya kipande cha siagi. Hakumbembeleza wala hakumkaripia. Aliendelea kula tu, ili mwenzake asiwe peke yake.

Kuna waonao machozi hayo ni deko. Nawakumbusha jaribio la Minnesota, Marekani. Mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36, wenye afya na akili timamu, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita. Walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuvuta mlo mmoja kwa muda unaofikia saa mbili, kununa na kujitenga. Na kupona kulidai chakula kingi, kalori 4,000 hivi kwa siku, kwa miezi. Sehemu ya vituko tunavyovihesabu kuwa ukaidi ni kazi ya njaa yenyewe, na ushauri nasaha hauingii vizuri katika ubongo wenye njaa.

Anayekataa kabisa je? Sheria ya Uingereza inaruhusu alishwe kwa mrija wa puani bila ridhaa yake, kwa kuwa chakula huhesabiwa kuwa matibabu. Mwaka 2012 mahakama huko iliamuru mwanamke mmoja alishwe kwa nguvu. Mwaka huohuo, kwa mwingine aliyekuwa dhaifu zaidi, ikakataa. Nilimuuliza yeye angeamuaje. Alikaa kimya, kisha akasema, mdogo wangu, wapo waliorudi kunishukuru, na wapo ambao hawajanisamehe.

Nawe msomaji, ukiwa na ndugu aliyekaa siku nyingi bila chakula cha maana, iwe kwa maradhi haya, kwa ulevi au kwa mfungo uliopitiliza, usimpokee kwa pilau na soda. Mpeleke hospitali kwanza, mweleze daktari hajala vizuri tangu lini, na uombe fosfeti yake ipimwe, leo na kesho yake pia.