Jaji wa Ohio aliyetangulia wenzake kwa miaka 34

Machi 1934 Rais Franklin Roosevelt alipeleka Seneti jina la Florence Ellinwood Allen, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Ohio, awe jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Marekani, Kanda ya Sita. Seneti ikamthibitisha mwezi huohuo. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuketi kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho. Wengi huusimulia uteuzi huo kama hisani ya rais, lakini mimi naona wapiga kura wa Ohio ndio waliomfikisha pale.

Msomaji wa Tanzania amezoea mfumo mmoja wa mahakama, ambamo shauri hupanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Rufani. Marekani kuna mifumo miwili inayokwenda sambamba. Kila jimbo lina mahakama zake, na Ohio majaji wake huchaguliwa kwa kura, kwa muhula wa miaka 6. Jaji wa shirikisho hapigiwi kura na wananchi. Rais humteua, Seneti humthibitisha, kisha hukaa kazini maisha yake yote madhali ana mwenendo mwema, na mshahara wake haupunguzwi. Leo Kanda ya Sita, yenye makao Cincinnati, husikiliza rufaa kutoka Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee, kwa kawaida mbele ya jopo la majaji watatu. Na kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani hupokea mashauri machache mno, wengi wa wanaokata rufaa hawapati hukumu nyingine baada ya ile ya jopo.

Allen alizaliwa Salt Lake City mwaka 1884. Alisomea muziki Berlin, mkono ukaumia, akageukia sheria na kuhitimu Chuo Kikuu cha New York mwaka 1913. Mwaka 1917 aliwatetea wanawake wa mji wa East Cleveland mbele ya Mahakama ya Juu ya Ohio, wakapata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mji wao. Agosti 1920 katiba ya Marekani ikakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya jinsia yake. Novemba ileile Allen akachaguliwa jaji wa mahakama ya kaunti ya Cuyahoga.

Karatasi ya kura ya majaji wa Ohio haikuonyesha chama, kwa hiyo hakuhitaji baraka za vigogo wa chama chochote. Wanawake waliokuwa wamezunguka miaka mingi wakidai kura walizunguka tena, safari hii kumtafutia saini za kugombea. Majaji wenzake walitaka kumwachia mashauri ya talaka. Akakataa, akasikiliza ya jinai. Mwaka 1922 akashinda kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 1928 akakishinda tena. Rekodi ya namna hiyo ilikuwa vigumu kuipuuza. Mwanasheria mkuu wa serikali, Homer Cummings, alieleza kwamba Allen hakuteuliwa kwa sababu ni mwanamke. Serikali ilihakikisha tu kwamba hakataliwi kwa sababu hiyo.

Majaji wa Kanda ya Sita hawakumtaka. Allen mwenyewe aliandika baadaye kwamba mmoja wao alijilaza kitandani siku kadhaa aliposikia habari. Kazi ndiyo iliyowajibu. Aliongoza jopo la majaji watatu lililosikiliza kesi ya kampuni za umeme dhidi ya TVA, shirika la serikali la mabwawa na umeme katika bonde la Tennessee. Mwaka 1938 jopo likaamua kwamba shirika hilo halikuvunja katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha hukumu hiyo isimame. Jina la Allen lilitajwa mara kwa mara kwa ajili ya mahakama hiyo ya juu kabisa. Hakuteuliwa. Mwaka 1958 akawa jaji kiongozi wa Kanda ya Sita.

Allen alifariki Septemba 1966 akiwa bado mwanamke pekee aliyewahi kuteuliwa katika mahakama za rufaa za shirikisho. Wa pili, Shirley Hufstedler, naye akitokea mahakama za jimbo, California, aliingia mwaka 1968. Sifa za Allen hazikutosha kuwavuta wengine. Hesabu ilibadilika baada ya Bunge la Marekani kuongeza viti 152 vya majaji wa shirikisho mwaka 1978, na Rais Jimmy Carter, katika muhula wake mmoja, akateua wanawake 40.