Hatifungani za Miji: Deni Linalolipwa kwa Ankara ya Maji

Halmashauri inapotaka kujenga soko, stendi ya mabasi au mtandao wa maji, fedha hutoka mara nyingi serikali kuu, kwa wafadhili au benki. Lakini madiwani, wakurugenzi na waweka hazina wa Afrika Mashariki sasa wanajadili njia nyingine, nayo ni hatifungani, yaani hati ya deni ambayo taasisi huwauzia wananchi, benki na mifuko ya hifadhi ya jamii, ikiahidi kuwalipa riba kwa vipindi maalumu na kuwarudishia mtaji wao kwa muda uliokubaliwa.

Mfano ulio karibu ni wa Tanga, ambako Februari 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua huduma ya maji jijini na katika miji jirani, na wanunuzi walileta fedha zilizozidi kidogo kiasi kilichoombwa. Iliitwa hatifungani ya kijani kwa kuwa fedha zake zilitengwa kwa mradi wenye manufaa kwa mazingira. Jambo lililo zito zaidi, hata hivyo, ni chanzo cha malipo: deni hilo linategemea mapato ya mamlaka yenyewe, yaani ankara ambazo wateja hulipa kwa maji waliyotumia.

Hesabu yake inaonyesha uzito wa ahadi hiyo. Mwananchi aliyenunua hati ya shilingi milioni 1 anastahili riba ya shilingi 135,000 kwa mwaka, na kwa deni zima, kabla mtaji haujaanza kupunguzwa, riba peke yake inazidi shilingi bilioni 7 kila mwaka, ziwe mvua zimenyesha au hazikunyesha, mabomba yawe yanavuja au yamezibwa. Kwa hiyo dira za maji zinazosomeka na ankara zinazokusanywa kwa wakati ndizo dhamana halisi ya deni la namna hii.

Hapo ndipo halmashauri nyingi zinapokwama, kwa sababu tofauti na mamlaka ya maji, sehemu kubwa ya bajeti yao ni ruzuku ya serikali kuu iliyokwisha kupangiwa kazi, na ushuru wao wa ndani hupanda na kushuka. Stendi inaweza kulipa deni lake kwa ushuru wa mabasi na kodi ya vibanda. Barabara ya mtaa, japo inahitajika mno, haimtozi mpitaji chochote, na kuijenga kwa hatifungani ni kuweka rehani mapato ya huduma nyingine. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, katika ibara ya 212, inairuhusu serikali ya kaunti kukopa pale tu serikali ya taifa inapodhamini mkopo na bunge la kaunti linapouidhinisha; sharti hilo huchelewesha, lakini ni la haki, kwani kaunti ikishindwa kulipa, mzigo humfikia mlipakodi ambaye hakuwahi kuitumia stendi hiyo.

Diwani huchaguliwa kwa miaka 5, ilhali hati ya Tanga ni ya miaka 10, hivyo baraza linaloidhinisha deni la muda huo linaamua pia bajeti ya baraza ambalo bado halijachaguliwa, na wananchi wa kata wanastahili kusomewa hesabu hiyo katika mkutano wa hadhara kabla hati ya kwanza haijauzwa.