Saratani Iliyokosea Kupita Kiasi

Barua imetoka Kilindoni, Mafia. Mama mkubwa wa msomaji wetu na jirani yao wa upande wa Utende walipatwa na saratani ya mji wa mimba. Wote wawili walikuwa wameshakoma hedhi, wote waliona damu tena baada ya miaka, wote walivuka bahari kwenda Dar es Salaam wakatolewa kizazi. Karatasi ya jirani ilisema ugonjwa haujatoka nje ya mji wa mimba. Karatasi ya mama mkubwa ilitisha: daraja la tatu, seli zimeharibika sura. Jirani alifariki mwaka wa pili. Mama mkubwa ametimiza miaka sita na bado anasuka mikeka. "Imekuwaje," anauliza msomaji, "aliyepewa habari mbaya ndiye akabaki? Na mimi niliye damu yake nikae vipi?"

Sehemu ya jibu inajulikana siku nyingi, naipitia upesi. Kwanza ni hatua ya ugonjwa. Kwa takwimu za Marekani, ukikutwa haujatoka kwenye mji wa mimba, wanawake kama 95 kati ya 100 huvuka miaka mitano. Ukiwa umefika mapafuni au kwenye ini, hawafiki 20. Kuna kina ambacho uvimbe umechimba kwenye msuli, kuna seli zilizoingia kwenye mishipa, kuna umri, kuna uzito, kwa kuwa mafuta ya mwili huendelea kutengeneza homoni ya estrojeni hata baada ya hedhi kukoma. Ukubwa wa upasuaji una mchango mdogo kuliko tunavyodhani: jaribio la ASTEC, lililochapishwa mwaka 2009, lilionyesha kuwa kuondoa tezi za limfu za nyonga hakukuwaongezea maisha wanawake wenye ugonjwa wa mwanzo. Na wengi waliopona saratani hii huja kufa kwa moyo, kwa hiyo presha na sukari zisisahauliwe.

Yote hayo ni kweli, lakini hayalijibu swali la Kilindoni. Kwa karatasi zao, jirani ndiye aliyestahili kubaki. Jibu lake huenda limo mahali padogo zaidi, na mahali hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote katika sayansi ya saratani.

Mwezi Mei 2013, mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya vinasaba vya saratani ulichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vivimbe 373 vya mji wa mimba. Ugonjwa tuliouita kwa jina moja ulionekana kuwa makundi manne. Kundi moja, dogo, lilikuwa na makosa ya vinasaba mengi kupita kiasi: zaidi ya 100 katika kila herufi milioni, wakati vivimbe vingi vya kawaida huwa na machache tu. Na wanawake wa kundi hilo ndio waliokuwa wakipona zaidi.

Ili kuona ilivyotokea, twende barazani kwa wanawake wa Mafia wanaosuka ukili.

Msukaji ana chane za ukindu vidoleni, nyeupe na za rangi. Kila chane ina mahali pake. Mkono unakwenda wenyewe huku mdomo unazungumza. Mara vidole vinasita: chane nyekundu imepita pasipo pake. Hangoji mkeka uishe. Anarudi nyuma hatua moja, anaifumua, anaiweka sawa, anaendelea, na mazungumzo hayakukatika.

Ndani ya seli, kila inapojigawa, kuna kimeng'enya kinachofanya kazi hiyohiyo. Kinaitwa polimerasi epsiloni, na jeni inayokitengeneza inaitwa POLE. Kinasuka uzi mpya wa vinasaba herufi kwa herufi, makumi ya herufi kwa sekunde, kikiufuata uzi wa zamani. Kikisuka tu bila kujiangalia, polimerasi hukosea takriban mara moja katika herufi 100,000. Haba? Seli moja ina herufi kama bilioni 6; hayo ni makosa 60,000 kila inapojigawa. Lakini kimeng'enya hiki kina mikono miwili. Mmoja unasuka. Herufi isiyolingana ikiingia, uzi unapinda kidogo, ncha yake inateleza hadi kwenye mkono wa pili, mkono huo unaikata herufi mbovu, kisha ncha inarudi mkono wa kwanza na kazi inaendelea. Usahihi huongezeka kama mara 100.

Vitabu vyetu vikigusa jambo hili husema "usahihishaji" au "uhariri". Nayakataa maneno yote mawili. Mhariri huja kazi ikiwa imekwisha, naye ni mtu mwingine. Hapa mfanyaji ndiye anayejirudi, papo hapo, hatua moja nyuma. Neno letu ni kufumua. Tunafumua nywele, tunafumua mshono, tunafumua ukili. Basi mkono wa pili wa kimeng'enya uitwe mfumuaji, na kazi yake ufumuaji. Atakayelisikia ataiona kazi yenyewe kabla hajaelezwa.

Nyuma ya msukaji kuna mama mwingine, anayeshona kili ziwe mkeka. Yeye huukagua kila ukili unaopita mkononi mwake, na kosa lililomponyoka msukaji hulikamata. Seli nayo ina kikosi chake cha wakaguzi wa nyuma, na wakimaliza makosa yanayobaki unaweza kuyahesabu kwa vidole. Halafu yuko bibi aliyekaa mlangoni, asiyesuka wala kushona, ila akiona kazi imeharibika sana husema: simamisheni. Huyo ni protini p53.

Sasa yapange makundi manne ya mwaka 2013 kwenye baraza hilo. Kwenye kundi la POLE, mkono wa mfumuaji umelemaa. Mara nyingi kilichobadilika ni kiungo kimoja tu cha protini, asidi amino ya 286. Msukaji anasuka kwa kasi ileile lakini hawezi kurudi nyuma. Kwenye kundi la pili, wakaguzi wa nyuma hawapo. Makosa ni mengi, ila si mengi kama ya kwanza. Kundi la tatu halina kasoro hizo kubwa, na ndilo lenye mwendo wa wastani. Kundi la nne, bibi wa mlangoni amenyamaza. Herufi zilizokosewa humo ni chache, lakini kili nzimanzima zimekatwa, zimeshonwa mara mbili, zimegeuzwa juu chini, na hakuna wa kusema basi.

Mkeka upi ni wa hatari? Ningejibu wa kwanza, na ningekosea. Kila seli hukata vipande vya protini zake, vya asidi amino kama tisa, na kuvitundika nje ya ukuta wake, mithili ya mtu anayeanika mkeka mbele ya nyumba. Askari wa kinga, seli T, hupita wakikagua. Mkeka wenye kosa moja pembeni wanaupita. Mkeka uliokosewa kila shubiri wanauona toka mbali, wanajua haukusukwa na mwenyeji, na wanaishambulia nyumba. Vivimbe vya POLE chini ya darubini mara nyingi vina sura mbaya kabisa, daraja la tatu, na vimejaa askari hao. Saratani hiyo imekosea mno hata ikashindwa kujificha. Ile ya p53 inapita kimya.

Tofauti hiyo ilipimwa katika jaribio la PORTEC-3, ambalo vivimbe vya wanawake 410 wa hatari kubwa vilichunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2020. Baada ya miaka mitano, wa kundi la POLE walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa 98 kati ya 100. Wa kundi la p53 walikuwa 48. Tena katika hao wa p53, waliopewa mionzi peke yake walikuwa 36 kati ya 100, na walioongezewa dawa za kemo walikuwa 59. Kujua kundi kunaokoa. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liliubadilisha mpango wake wa hatua mwaka 2023: ugonjwa wa mwanzo wenye POLE unashushwa hatua, wenye p53 ulioingia kwenye msuli unapandishwa. Vipimo vingi ni vya wanawake wa Ulaya na Marekani, na hakuna mgonjwa wa kuacha tiba kwa kusoma makala.

Kwetu, basi, kinachoamua maisha baada ya upasuaji kinaanza dakika kizazi kinapotolewa. Kipasuliwe ili dawa ipenye, kitumbukizwe kwenye fomalini ya kutosha, kifike kwa mwanapatholojia. Kikichelewa, kinaoza na maandishi yake yanafutika. Kupima p53 na wakaguzi wa nyuma hufanywa kwa rangi maalumu juu ya kipande chembamba cha nyama. POLE inahitaji mashine ya kusoma vinasaba. Mgonjwa wa Mafia amekwisha panda boti hadi Nyamisati au ndege hadi Dar, ametoka damu, ametoa fedha. Ana haki ya kuuliza: jibu la kinyama liko wapi, na p53 imesemaje?

Kwako msomaji wa Kilindoni: siwezi kuujua mkeka wa mama mkubwa kwa kuusikia tu. Lakini swali lako la pili lina njia. Kukosekana kwa wakaguzi wa nyuma wakati mwingine hurithiwa, na ukoo wenye urithi huo huandamwa pia na saratani ya utumbo mpana. Kile kipande kilichochukuliwa miaka sita iliyopita, kama hakikutupwa, kimezamishwa kwenye nta ya parafini na kuwekwa kabatini, na ndani ya nta kinyama husomeka hata baada ya miongo. Nenda na namba ya jalada lake, uombe kisomwe. Na siku utakayoona damu pasipo wakati wake, usingoje mkeka uishe.