Hurumzi: Nyumba, Jina na Fidia

Miongoni mwa majumba marefu ya Mji Mkongwe wa Unguja limo moja, katika mtaa wa Hurumzi, ambalo siku hizi ni hoteli. Wageni huelezwa historia yake kwa kufasiriwa jina la mtaa. Fasiri hiyo inastahili kuchunguzwa.

Jumba hilo linanasibishwa na Sir Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekodi forodha ya Zanzibar na kutunukiwa cheo na Malkia Victoria. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara, kama Tippu Tip mwenyewe anavyosimulia katika Maisha yake, aliyoyaeleza kwa Kiswahili. Mtaji wa Unguja ulifika hivyo hadi Kasongo, mashariki ya Kongo, na pembe za ndovu zikateremka pwani.

Inasimuliwa kwamba baadaye Waingereza walilitumia jumba hilo kulipia uhuru wa watumwa, na kwamba "Hurumzi" latokana na "huru" na "mzee". Kisarufi, maelezo haya ni dhaifu. "Huru" ni kivumishi, si kitenzi: Kiswahili husema "kumwacha mtu huru". Tena "mzee" ni neno la heshima, wala halikuwa jina la mtumwa. Kimatamshi, jina hili linakaribiana zaidi na Hurmuz, kisiwa cha mlango wa Ghuba kilichojulikana kwa udongo wake mwekundu.

Hata hivyo, fidia yenyewe si hadithi. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na fedha alilipwa bwana wake. Yeye hakupewa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

Katika miaka ya 1990 Mmarekani Emerson Skeens na mwenzake Thomas Green walilifanya jumba hilo hoteli, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Ukarabati umeliokoa jumba. Ila fasiri ya "huru mzee" humfanya msikilizaji adhani kwamba aliyenufaika hapo ni mtumwa, hali daftari la fidia liliandikwa kwa faida ya aliyemmiliki. Anayeieleza nyumba hii hana budi kuyatenganisha mambo hayo mawili.