Taa ya Mvuvi: Kuchagua LED Isiyokula Mali

Mama anunuapo ndakala wakavu sokoni, mara nyingi hafikiri ya kuwa samaki wale wadogo walikamatwa kwa taa. Sisi wa Manono tu watu wa bara na wa mto; Ziwa Tanganyika liko mbali, upande wa Kalemie. Lakini wako wengi kati yetu wenye kaka au shemeji kule ufukoni, naye akitaka kununua taa ya kuvulia, huwaomba wa nyumbani wamchangie. Taa ikifa katika juma la pili, ni fedha ya ukoo mzima iliyozama majini. Kwa hiyo habari hii yatuhusu sisi pia.

Kuvua kwa mwanga ni desturi ya kale. Mababu waliwasha moto mbele ya mtumbwi, wakawachota samaki kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai za mafuta, zilizotawala ziwa kwa miaka mingi. Karabai yatoa mwanga mzuri, lakini yanywa mafuta usiku kucha, na tone moja la maji ya wimbi laweza kuvunja kioo chake. Sasa mahali pengi taa za LED zimeshika nafasi yake, nazo huwaka kwa betri.

Kwa nini samaki waifuate taa? Katika maji wamo vidudu vidogo sana, na mwanga huvikusanya. Ndakala waja kula vidudu, na mikebuka waja kula ndakala. Ndiyo maana wavuvi hutoka usiku wa giza: mbalamwezi ikiwa kamili, mwanga umeenea ziwani kote na taa haina tena nguvu ya kuita.

Basi, mnunuzi afikapo dukani aonyeshwa taa kumi, na juu ya kila moja imeandikwa hesabu kubwa ya wati. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Wati si kipimo cha mwanga, bali cha umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Taa njema ya LED hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja, hali balbu ya zamani ya uzi wa moto ilitoa 15 au pungufu. Tena hesabu iliyoandikwa yaweza kuwa ya uongo mtupu. Mwombe fundi wa redio mwenye mita apime: taa ya wati 20 katika betri ya volti 12 yapaswa kuvuta ampea 1.7 hivi. Ikiwa imeandikwa wati 100, nayo yavuta ampea mbili tu, basi umekwisha kujua ni taa ya namna gani.

Jambo la pili ni joto. Watu husema LED haina joto, si kweli. Kile kipande kidogo kinachotoa mwanga hupata joto kali, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, taa hufifia upesi, kisha hufa. Kwa hiyo igeuze taa na kutazama mgongo wake. Wenye alumini nzito yenye mapezi kama ya samaki ni mzuri. Iwashe kwa nusu saa, kisha uguse alumini: ikiwa na joto ni dalili njema, maana moto watolewa nje. Taa ya plastiki tupu iliyofungwa pande zote hujipika yenyewe kama kiazi katika majivu. Lakini pale waya unapoingilia pafungwe kwa mpira, maji yasipenye.

Tena kuna habari ya rangi. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, katika mita chache tu. Rangi ya samawati na ya kijani ndizo zishukazo mbali zaidi katika maji maangavu. Huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao marijani za baharini katika masanduku ya kioo, nao hununua kwa bei kubwa taa za samawati, kwa kuwa marijani huishi pamoja na mimea midogo sana iliyo mwilini mwake, nayo yahitaji mwanga huo. Je, mvuvi naye anunue taa ghali ya samawati? Mimi naona si lazima. Taa nyeupe ya LED, ndani yake, ni taa ya samawati iliyopakwa unga wa manjano. Ile nyeupe ya baridi, isiyo na umanjano mwingi, ina samawati ya kutosha, nayo ni rahisi kuliko ya rangi.

Tusisahau betri, maana mara nyingi ni ghali kuliko taa. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 40 ina nguvu ya wati-saa 480, lakini ukiimaliza yote kila usiku waiua. Tumia nusu, yaani 240. Taa moja ya wati 20 itawaka saa 12. Taa mbili, saa 6 tu. Betri za lithiamu huvumilia kumalizwa zaidi, nazo ni nyepesi, ila bei yake ni kubwa. (Ajabu ni kwamba madini ya lithiamu yamelala tele chini ya miguu yetu hapa Manono, nasi twauziwa betri zitokazo ng'ambo.)

Hapo mvuvi atauliza: Kwa nini nisiweke taa kumi, nishinde jirani? Jirani naye ataweka kumi na tano. Taa haizai samaki. Huwavuta tu kutoka pengine, wakubwa pamoja na wachanga, na wavu wenye macho madogo huwabeba wote. Nchi nne zenye ziwa hili zimekwisha kuona hatari hiyo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Taa mbili njema, wavu wa halali, na fedha iliyobaki ikanunue betri ya pili: hilo ndilo shauri ningempa shemeji yangu.

Na zile siku za mbalamwezi, mtumbwi ukiwa umevutwa mchangani, taa ile ile yaweza kumsaidia mtoto wa shule. Ila asiitazame uso kwa uso, kwa kuwa mwanga wake waumiza macho. Ielekezwe ukutani au darini, asomee mwanga unaorudi.