Mvuto wa Kwanza: Ukali wa Tumbaku Watoka Wapi?

Jioni moja, nilipokuwa na umri wa miaka 17, nikiwa nimeketi na babu yangu katika nyumba yake iliyo juu ya vilima vya Mahango, mahali ambapo ukungu wa Rwenzori hushuka mapema na kuifunika njia kabla ya magharibi kuingia, mzee alinyoosha mkono akanipa kiko chake cha udongo, ambacho kwa miaka yote ya utoto wangu nilikuwa nimekatazwa hata kukigusa. Ndani yake mlikuwa na tumbaku nyeusi, iliyokatwa kwa kisu kutoka katika msokoto mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, aliyoinunua katika gulio la Mpondwe kwa mchuuzi aliyevuka mto Lubiriha kutoka upande wa Kongo. Nayo ilikuwa na harufu nisiyowahi kuipata katika sigara za dukani, harufu ya moshi wa kuni na ya ngozi mbichi na ya kitu kilichochacha. "Mjukuu wangu," aliniambia, "tumbaku hii haimpendi mtu wa pupa." Walakini mimi, kwa ghururi ya ujana, nilivuta mara tatu mfululizo, tena nikaushusha moshi hadi kifuani.

Yaliyonipata baadaye yalikuja kwa taratibu, moja baada ya jingine, kama wageni wanaoingia nyumbani kwa zamu. Ilianza kwikwi, kisha mate yakajaa kinywani, kisha jasho la baridi likanitoka katika paji la uso, mikono ikatetemeka, moyo ukadunda kwa nguvu, na hatimaye ardhi ya vilima vile, niliyoikanyaga tangu kuzaliwa, ikaanza kuzunguka chini ya miguu yangu, nikakimbilia mgombani, nikatapika. Babu hakunicheka wala hakunikaripia; aliniletea maji katika kibuyu, akakaa karibu nami mpaka nilipopata nafuu. Leo, baada ya kufanya kazi ya utabibu kwa miaka mingi katika vijiji vilivyo kati ya Kasese na Bwera, na baada ya kuulizwa habari za kizunguzungu hicho na wazee, na vijana, na akina mama waliowakuta watoto wao wamelala chini wamesawijika, naona ni wajibu wangu kueleza kwa urefu nini hasa humfika mtu anapoionja tumbaku kali kwa mara ya kwanza, na kwa nini.

Aghalabu watu hudhani kwamba ukali wa tumbaku umo katika weusi wake, au katika harufu yake, au kwamba ni jambo la kupima kifua cha mwanamume. Dhana hizo hazina msingi. Ukali hutokana na dawa moja iliyomo ndani ya jani, nayo ni nikotini, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, ambaye katika mwaka 1560 au karibu yake alipeleka tumbaku katika jumba la mfalme wake akiisifu kuwa ni tiba. Na wataalamu wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, ndio waliofaulu kuitenga dawa hiyo safi katika mwaka 1828. Mmea huitengeneza nikotini katika mizizi, ukaipandisha hadi majanini, ili iwe silaha ya kuwaua wadudu wanaokuja kuula. Na mkulima anapolikata ua la juu ili majani yanenepe, mmea huzidisha kuitengeneza. Kwa hiyo mtu anayevuta tumbaku huonja sumu ambayo mmea uliiandaa kwa adui zake.

Sasa, tumbaku si jamii moja. Iliyo mashuhuri, inayolimwa Bunyoro na Arua na Tabora kwa ajili ya viwanda vya sigara, ni ile ambayo wanasayansi huiita Nicotiana tabacum, na nikotini yake kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa jani kavu. Yuko ndugu yake, Nicotiana rustica, mfupi wa kimo, mwenye maua ya rangi ya manjano, ambaye jani lake huweza kufika asilimia 9. Haya na tufanye hesabu kidogo, maana hesabu huondoa kiburi: gramu moja ya jani lenye asilimia 2 ina miligramu 20 za nikotini, ilhali gramu moja ya jani lenye asilimia 9 ina miligramu 90, na mvuta sigara wa kawaida, katika sigara nzima, huingiza mwilini miligramu moja tu au zaidi kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa huungua au huruka na moshi. Basi kijana aliyezoea kuiba mivuto miwili ya sigara nyuma ya shule, akishika kiko kilichoshindiliwa jani la namna ile, huwa amejitwika mzigo ambao mwili wake haujawahi kuubeba.

Sababu ya pili ya ukali ni namna ya kulikausha jani. Wakulima wa Tanzania wana majina mazuri ya jambo hili: iko tumbaku ya mvuke, ambayo hukaushwa katika mabani kwa joto la moto pasipo moshi kuigusa, iko tumbaku ya hewa, inayoning'inizwa kivulini hadi ijikaukie, na iko tumbaku ya moshi, kama ile ya Ruvuma, inayofukizwa kwa moshi wa kuni mpaka inakuwa nyeusi na nzito. Tumbaku ya mvuke hubakiwa na sukari yake, na moshi wake huwa na asidi. Moshi wa namna hiyo hauingizi nikotini kwa urahisi katika ngozi laini ya kinywa, na ndiyo maana mvuta sigara hana budi kuushusha hadi mapafuni. Tumbaku ya hewa, na mingi ya misokoto myeusi, imepoteza sukari yake, na moshi wake huelekea upande wa alkali. Nikotini yake hupenya katika mashavu na ufizi hata kama mvutaji hajameza kitu. Mzee wa kiko huujua ukweli huu kwa uzoefu, huvuta polepole na kuuachia moshi utoke. Mgeni huvuta kiko kama sigara, akapokea nikotini kwa milango miwili kwa wakati mmoja, kinywani na mapafuni. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Sababu ya tatu ni vile vinavyochanganywa na jani. Sisi tunaoishi karibu na ziwa la Katwe, ambalo chumvi yake imechanganyika na magadi, hatuhitaji kufundishwa magadi ni nini. Lakini ni wachache wanaojua kwa nini, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, msagaji wa ugoro hutia magadi au majivu ndani yake. Si kwa ajili ya ladha tu: alkali ya magadi huifungua nikotini kutoka katika chumvi zake za asili, nayo ikishafunguliwa hupenya mwilini kwa kasi. Waswahili wa pwani walilijua jambo hilohilo kwa njia nyingine, katika tambuu, ambamo jani la mtambuu hukunjwa pamoja na popoo na chokaa na tumbaku. Na chokaa ile ndiyo inayofanya kazi ya magadi. Vitu hivyo vya kutafuna ndivyo vilivyoitwa uraibu tangu zamani, na leo neno hilo tumelichukua kuwa jina la utumwa wa kila kilevi, nami naona lugha imetenda haki katika kulikuza.

Huko pwani pia kiko kilikuwa chombo cha ustadi. Kilikuwa na bori la udongo la kutilia tumbaku na kaa la moto, na digali, yaani mwanzi unaoshuka kutoka borini hadi katika kifuu cha nazi chenye maji, na shilamu, yaani mrija wa kuvutia. Na sauti ya maji yakibubujika iliitwa malio ya kiko. Maji hupoza moshi, na kwa sababu umepoa, mtu hudhani kwamba umesafishwa, akavuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Dhana hiyohiyo ndiyo iliyowafanya vijana wa miji yetu waione shisha kuwa mchezo. Na sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kufanya kazi mwezi wa Mei 2016, imeipiga marufuku shisha, pamoja na tumbaku isiyovutwa kwa moshi, na imekataza kumwuzia tumbaku mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 21.

Hivi karibuni limekuja jambo jipya. Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba hurejea na kiko kidogo chembamba kinachoitwa midwakh, na vichupa vya tumbaku iliyosagwa iitwayo dokha. Nimemwona mmoja wao, kijana mwenye afya na nguvu, akiletwa zahanati na wenziwe, rangi imemtoka na shati limelowa jasho, baada ya mvuto mmoja alioupiga mbele ya marafiki. Lau wangalijua Kiarabu wangaliepuka, kwa maana neno dokha maana yake ni kizunguzungu: wenye tumbaku ile wameiita kwa jina la athari yake, nao hawakumficha mnunuzi lolote.

Ama kuhusu kizunguzungu chenyewe, hivi ndivyo kinavyokuja. Moshi ukifika mapafuni, nikotini huingia katika damu na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko hukaa katika milango ambayo Mungu ameiumba kwa ajili ya mjumbe mwingine, aitwaye asetilikolini, anayepeleka amri baina ya mishipa ya fahamu. Na kwa kuwa milango hiyo imetapakaa mwili mzima, amri za uongo hutoka kila upande. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, mishipa midogo ya ngozi ikajibana, uso ukasawijika, matumbo hujikunja, na mahali pa ubongo panapolinda mwili dhidi ya sumu hutoa amri ya kutapika. Hivyo ndivyo mwili unavyotenda unapogundua kwamba umelishwa sumu, na hauna njia nyingine ya kusema. Wachumaji wa majani ya tumbaku asubuhi, yangali yamelowa umande, hupatwa na kichefuchefu kilekile bila ya kuvuta chochote, kwa sababu nikotini hupenya katika ngozi ya mikono yao.

Anayepatwa na hali hii na aiweke tumbaku chini mara moja, atoke nje penye hewa, alale kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, anywe maji kidogo kidogo, wala asipande bodaboda mpaka atulie. Nikotini iliyomo katika damu hupungua nusu yake kwa muda wa saa mbili hivi, na aghalabu mtu hupona pasi na dawa. Lakini akizimia, au akitetemeka kwa degedege, au pumzi zikimwia nzito, apelekwe hospitali bila kukawia, iwe ya Bwera au ya Kagando. Na mtoto mdogo aliyetafuna tumbaku au kumeza ugoro asingojewe dalili hata kidogo. Apelekwe saa ileile.

Sasa nimefika katika neno ambalo kwa ajili yake nimeandika makala haya. Mtu akirudia kuvuta, siku kwa siku, ile milango ya fahamu hufa ganzi, kizunguzungu hupungua, na baada ya wiki chache huwa hakipo. Watu husema amezoea, na yeye mwenyewe huona fahari kwamba ameishinda tumbaku. Hakika mwili haukushinda lolote. Mwili ni shahidi aliyeitwa mbele ya kadhi, akatoa ushahidi wake siku ya kwanza kwa sauti kubwa, na kwa kuwa hakusikilizwa, akanyamaza. Kilichozoewa ni nikotini peke yake. Lami ya moshi na hewa ya kaboni monoksidi hazizoeleki kamwe, na kazi yake katika mapafu na moyo na mishipa ya damu huendelea kimya kimya. Hata mwenye kiko anayejifariji kwamba haumezi moshi, midomo yake na ulimi wake na koo lake vinaupokea, na saratani ya mahali hapo inamfahamu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na wengi wao walikuwa na siku moja, wakiwa vijana, ambapo dunia iliwazunguka na wakaona haya kusema.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi kupanda kilima bila ya kupumzika mara nne, na kikohozi kikimwamsha kabla ya jogoo, nilimweleza haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba hata yeye, siku yake ya kwanza, alitapika nyuma ya nyumba ya baba yake, na wakubwa waliokuwapo walimpongeza kwamba amekuwa mtu mzima. "Laiti mmoja wao angeniuliza ninaumwa wapi," alisema.

Kwa hiyo wewe msomaji, mzazi au mwalimu au kaka, ukimkuta kijana mgombani ameinama, uso umesawijika na mikono inatetemeka, usimcheke wala usimpongeze. Mletee maji, ukae karibu naye mpaka apate nafuu, kama babu yangu alivyonifanyia. Kisha, angali anakumbuka jinsi ardhi ilivyomzunguka, mwambie lile ambalo babu siku ile hakulijua: kwamba mwili wake umesema kweli, na kwamba hautasema tena.