Siasa kwenye intaneti: Staha huanza na msimamizi

WANAOTAFUTA mahali pa kujadili siasa kwa staha kwenye intaneti hawana budi kuangalia kwanza iwapo pana kanuni na msimamizi.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika nchini Kenya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, pale mtandao wa Mashada ulipofunga ukumbi wake wa majadiliano uliokuwa umejaa uchochezi wa kikabila.

Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Anayechochea chuki ya kikabila, kwa kutamka au kuandika, hukabiliwa na faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Hata hivyo, sheria huadhibu neno lililokwisha kusambaa. Msimamizi anayepitia maoni kabla hayajachapishwa hulizuia.